Kifaa cha Kusikia cha Mtoto: Kupima Sikio, Kurekebisha Sauti, na Huduma Unayostahili

(Muziki wa kufungua kipindi)

Kama una kazi mikononi, endelea nayo tu, lakini tega sikio. Na kama una mtoto nyumbani ambaye hasikii vizuri, au unamjua jirani mwenye mtoto kama huyo, tafuta kalamu na karatasi, kwa maana leo kuna mambo ya kuandika.

Katika mazungumzo yaliyopita tulieleza dalili za mtoto asiyesikia vizuri. Leo tunaendelea kutoka hapo. Tuseme mtoto amepimwa, imeonekana ana upungufu wa kusikia, na mtaalamu amesema anahitaji kifaa cha kusikia, kile ambacho wengi wetu tunakiita mashine ya masikio. Pesa zimetafutwa kwa shida, pengine jamaa wamechanga, na kifaa kimepatikana. Mama anarudi nyumbani akiwa na furaha.

Lakini katika nyumba nyingi, miezi michache baadaye kifaa kile kimefungwa kwa kitambaa na kuwekwa kabatini. Ukiuliza sababu, utaambiwa, "Kinapiga kelele." Au, "Mtoto anakitoa kila mara." Au, "Hatukuona tofauti yoyote." Mara nyingi kifaa hakikuharibika, na mtoto si mkaidi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemweleza mama kuwa kununua kifaa ni mwanzo wa safari tu. Ili kimsaidie mtoto, ni lazima kikae sawasawa katika sikio lake, na sauti yake irekebishwe kulingana na usikivu wake. Mambo haya mawili hayafanywi mara moja yakaisha. Hurudiwa mara kwa mara kadiri mtoto anavyokua.

KWA NINI TUSINGOJE

Mtoto hujifunza lugha kwa kusikia watu wakizungumza. Miaka mitatu ya kwanza ndiyo ubongo wake hushika lugha kwa wepesi zaidi. Wataalamu wa usikivu wa watoto huhimiza kwamba mtoto apimwe masikio kabla ya kutimiza mwezi mmoja, uhakika wa tatizo upatikane kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita. Kwetu watoto wengi huchelewa kugunduliwa. Mzazi huambiwa, "Ngoja, hata baba yake alichelewa kusema." Ukiwa umechelewa usikate tamaa. Anza sasa. Lakini usipoteze miezi mingine kwa kifaa kilicho kabatini.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake kuhusu usikivu ya mwaka wa 2021, linakadiria kwamba watoto milioni 34 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada. Kwa hivyo mtoto wako hayuko peke yake, nawe usione haya kumpeleka kanisani, msikitini au sokoni akiwa na kifaa sikioni.

Sasa fikiria lugha yetu ya Kiswahili. Tamka maneno haya polepole: saa, taa, kaa, paa. Yanatofautiana kwa sauti ya kwanza tu. Mtoto asiyepata sauti ile ya kwanza husikia "aa, aa, aa, aa", naye hawezi kujua unazungumzia nini. Tena sikiliza: "nitakuja" na "sitakuja". Sauti ndogo ya "s" ndiyo inayobeba kukataa. Mtoto asiyeisikia hatajua kama mama anamwahidi au anamkatalia. Na "s" ni miongoni mwa sauti nyembamba na hafifu sana katika mazungumzo. Kifaa kisichokaa vizuri au kisichorekebishwa huipoteza kabla ya nyingine zote.

SEHEMU ZA KIFAA

Watoto wengi hupewa kifaa kinachokaa nyuma ya sikio. Kina sehemu tatu ambazo mama anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni mashine yenyewe, ile inayolala nyuma ya sikio. Ndani yake kuna maikrofoni inayopokea sauti, kompyuta ndogo sana inayoikuza, na spika ndogo inayoitoa. Betri iko humo humo.

Ya pili ni mrija mwembamba wa plastiki unaopeleka sauti kutoka kwenye mashine hadi sikioni.

Ya tatu ni kizibo, yaani kile kipande laini kinachoingia sikioni. Hiki hutengenezwa kwa umbo la sikio la mtoto wako peke yake. Hakiwezi kumfaa mtoto mwingine, na hata cha sikio la kulia hakiingii la kushoto.

Huenda umewahi kuona mwanamuziki jukwaani, au mtangazaji wa televisheni, akiwa na kitu kidogo kinachojaza sikio lake. Baadhi yao hutengenezewa vipokea sauti vyao kwa njia hiyo hiyo: sikio hupimwa kwanza, kisha kifaa kikafuata umbo lake. Kikilegea, mwanamuziki hapati sauti nzito za ngoma na gita la besi, naye atakirudisha siku hiyo hiyo kidai kirekebishwe. Mtoto mchanga hawezi kudai. Wewe mama au mlezi ndiwe unayedai kwa niaba yake.

JINSI SIKIO LINAVYOPIMWA

Wazazi wengine huogopa shughuli hii, lakini haina uchungu. Kwanza mtaalamu huangalia ndani ya sikio kwa taa. Akiona nta imejaa, usaha, au kidonda, hataendelea mpaka sikio litibiwe. Kisha huweka kipande kidogo cha sponji au pamba chenye uzi ndani ya tundu la sikio. Kazi yake ni kuzuia dawa ya kupimia isifike kwenye ngoma ya sikio. Ukiona mtu anataka kujaza sikio la mtoto bila kuweka kinga hii, mzuie.

Baada ya hapo hujaza sikio kwa kitu laini kama donge la unga uliokandwa. Mtoto husikia ubaridi kidogo na sikio kuziba. Baada ya dakika chache donge hilo hukauka na kutolewa likiwa na umbo kamili la sikio. Umbo hilo ndilo hutumiwa kutengeneza kizibo.

Wakati wa kupimwa, mpakate mtoto na umtulize. Anaweza kunyonya kabla, lakini dawa inapokauka ni vizuri taya litulie. Taya likitembea, umbo la tundu la sikio hubadilika, na kizibo hakitakaa sawa. Usikubali kazi ya haraka haraka hapa. Kipimo kibaya huzaa kizibo kibaya.

KIFAA KINAPOPIGA MLUZI

Hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa, basi tuelewe vizuri. Mluzi hutokea wakati sauti iliyokuzwa inavuja kutoka sikioni, inarudi kwenye maikrofoni, na kukuzwa tena na tena. Ni kama kipaza sauti cha mkutanoni kinapolia kikisogezwa karibu na spika.

Sababu za kawaida ni hizi:

1. Kizibo hakikuingizwa vizuri. Kitoe, kisha ukirudishe polepole huku ukivuta sikio juu na nyuma kidogo.
2. Kuna kitu kinachofunika kifaa, kama kofia, leso, au mgongo wako ukiwa umembeba mtoto. Huu mluzi huisha ukimsogeza.
3. Sikio limejaa nta. Mpeleke kituo cha afya. Usichokoe kwa kijiti cha kiberiti, pini ya nywele wala kijiti cha pamba.
4. Mrija umepasuka au umekuwa mgumu. Mrija hubadilishwa kwa gharama ndogo.
5. Mtoto amekua na kizibo kimekuwa kidogo. Hii ndiyo sababu kubwa kwa watoto wachanga.

Sikio la mtoto hukua haraka. Katika mwaka wa kwanza kizibo kinaweza kuhitaji kubadilishwa kila mwezi mmoja hadi mitatu. Kadiri mtoto anavyoendelea kukua, muda huo hurefuka. Kama vile usivyoshangaa viatu vya mtoto vikimbana, usishangae kizibo kikilegea.

Sasa nisikilize kwa makini. Kuna njia ya mkato ambayo hunyamazisha mluzi mara moja, nayo ni kupunguza sauti ya kifaa. Mzazi aliyechoka huifanya nyumbani. Wakati mwingine hata mhudumu aliye na foleni ndefu huifanya kliniki. Nyumba hutulia, mama hufurahi, lakini mtoto ndiye anayelipa. Sauti iliyopunguzwa ndiyo ile aliyohitaji ili asikie. Dawa ya kizibo kilicholegea ni kizibo kipya. Ukiambiwa, "Tumerekebisha, hakilii tena," uliza kwa heshima, "Mmebadilisha nini? Je, bado anapata sauti ya kutosha?"

KUREKEBISHA SAUTI

Wengi hudhani kifaa cha kusikia hufanya kila kitu kiwe na sauti kubwa, kama kuongeza sauti ya redio. Sivyo. Mtoto anaweza kusikia ngoma na mlango ukigongwa, lakini asisikie ndege wala sauti ya "s". Mwingine hupungukiwa na sauti zote. Kwa hivyo kifaa hurekebishwa ili kikuze zaidi zile sauti anazozikosa, na kidogo zile anazozisikia.

Mtaalamu huanza na matokeo ya kipimo cha usikivu, yaani ile chati inayoonyesha kila sikio linasikia nini. Mtoto mchanga hawezi kuinua mkono akisikia sauti, kwa hivyo hupimwa akiwa amelala kwa mashine inayosoma jinsi neva ya usikivu na ubongo wake unavyoitikia. Kisha kifaa huunganishwa na kompyuta, na sauti hupangwa kulingana na chati na umri wake.

Umri ni jambo kubwa hapa. Tundu la sikio la mtoto mchanga ni dogo, na sauti ile ile huwa na nguvu zaidi ndani ya tundu dogo kuliko ndani ya tundu kubwa. Kifaa kilichopangwa kama cha mtu mzima kinaweza kumpigia mtoto kelele hata akalia. Vilevile, kadiri tundu linavyokua, sauti iliyomtosha mwaka jana hupungua nguvu. Mtaalamu mwenye vifaa huingiza mrija mwembamba sana sikioni na kupima ni kiasi gani cha sauti kinachofika humo ndani. Kipimo hiki hakina uchungu. Uliza kama kliniki yako hukifanya.

Kifaa pia huwekewa kikomo, ili honi ya matatu au mlango ukijibamiza isipenye kwa nguvu ya kuumiza. Ukiona mtoto anashtuka, anafumba macho au anavuta kifaa kila kelele inapotokea, mwambie mtaalamu. Huenda kikomo kiko juu mno.

Mtoto mdogo anafaa kuonwa tena kama kila miezi mitatu. Akishafika umri wa shule na usikivu wake ukiwa thabiti, muda huo unaweza kurefushwa. Fuata tarehe utakazopewa kama unavyofuata zile za chanjo.

JARIBIO LA SAUTI SITA

Hapa ndipo kalamu inahitajika. Kuna jaribio rahisi ambalo wataalamu hulitumia duniani kote, nalo halihitaji mashine. Lilianzishwa na Daniel Ling, mwalimu mashuhuri wa watoto wasiosikia. Ni sauti sita: mmm, uuu, aaa, iii, shhh, na sss.

Sauti hizi zilichaguliwa kwa sababu kwa pamoja hugusa mazungumzo yote, kutoka sauti nzito hadi nyembamba. "Mmm" na "uuu" ni nzito. "Aaa" iko katikati. "Iii" ina sehemu nzito na sehemu nyembamba. "Shhh" ni nyembamba, na "sss" ni nyembamba zaidi ya zote.

Fanya hivi kila asubuhi baada ya kumvalisha kifaa:

1. Zima redio. Naam, hata sisi tuzime. Funga mlango.
2. Kaa nyuma au kando ya mtoto, umbali wa kama mita moja, asione midomo yako.
3. Tamka sauti moja kwa sauti yako ya kawaida. Usipaze. Sema "sss", usiseme "si" wala "esi".
4. Ngoja uone kama ameitikia. Mtoto mchanga anaweza kuacha kunyonya, kupepesa macho au kutulia. Wa miezi sita au zaidi anaweza kugeuka. Mkubwa anaweza kuweka kijiti ndani ya kikombe kila akisikia, au kuirudia sauti.
5. Badilisha mpangilio, na unyamaze kidogo katikati ili asibahatishe.
6. Kama ana vifaa viwili, jaribu kila sikio peke yake.

Andika matokeo katika daftari: tarehe, sauti alizoitikia, na alizokosa. Daftari hili lina thamani kubwa. Mama akifika kliniki na kusema, "Kifaa hakifanyi kazi," mtaalamu hana pa kuanzia. Lakini akisema, "Tangu wiki iliyopita anaitikia mmm, uuu na aaa, ila shhh na sss amezikosa sikio la kushoto," mtaalamu anajua mara moja atazame sauti nyembamba za upande huo. Mtaalamu humwona mtoto kwa nusu saa. Wewe uko naye kutwa. Bila habari zako, anarekebisha kwa kukisia.

Andika pia mambo ya kawaida ya nyumbani. Je, aligeuka kuku alipolia? Alisikia akiitwa kutoka chumba kingine? Sufuria ikianguka anaumia? Haya yote ni habari ya kumpelekea mtaalamu. Na kama jana alisikia sauti zote sita, leo hasikii hata moja, badilisha betri kwanza. Isiposaidia, usingoje tarehe ya kliniki.

KUTUNZA KIFAA, NA HATARI YA BETRI

Toa kizibo kwenye mashine na ukioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Kikaushe kabisa, na upulize mrija kuondoa matone ya maji, kabla ya kukirudisha. Mashine yenyewe usiioshe kamwe. Ipanguse kwa kitambaa kikavu. Itoe wakati wa kuoga na wakati wa kulala. Usiku iweke mahali pakavu, ndani ya kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukaushia unyevu. Walio Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wawe waangalifu zaidi, kwa maana hewa yenye unyevu na jasho huharibu mashine. Usiiweke juani wala karibu na jiko.

Vifaa vingine siku hizi huchajiwa. Vingine hutumia betri ndogo za mviringo zenye kibandiko cha rangi kinachoonyesha saizi. Mkumbuke rangi yako unapokwenda kununua. Ukibandua kibandiko, ngoja kama dakika moja kabla ya kufunga mlango wa betri, kwa kuwa betri hizi huamka zikipata hewa. Ukishabandua, hata usipoitumia, itaendelea kuisha.

Mama, betri hizi ni hatari kwa watoto. Betri ya mviringo ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza nyama za ndani kwa muda wa saa mbili tu. Ikiingizwa puani au sikioni huunguza vilevile. Ukishuku mtoto amemeza betri, usingoje dalili, usimtapishe. Mkimbize hospitalini mara moja na useme wazi kwamba ni betri. Weka mpya na zilizoisha mahali pa juu pasipofikiwa, na umwombe mtaalamu mlango wa betri wenye kufuli la watoto.

Sikio likitoa usaha au likiuma, toa kifaa upande huo na uende kituo cha afya. Usitie mafuta, maji ya majani wala dawa ya mtu mwingine.

HUDUMA UNAYOSTAHILI

Bei ya kifaa si bei ya sanduku peke yake. Unalipia pia kupimwa, kizibo, kurekebishwa kwa sauti na kuonwa tena. Kabla ya kutoa pesa, uliza maswali haya na uandike majibu:

1. Bei hii ina vizibo vingapi? Vingine vitagharimu kiasi gani, na huchukua siku ngapi?
2. Nitarudi mara ngapi kurekebishiwa sauti bila malipo?
3. Garanti ni ya muda gani, na haihusu nini?
4. Kikiharibika, kinatengenezwa hapa au kinapelekwa kwingine? Mtoto atatumia nini wakati huo?
5. Kliniki nyingine inaweza kukirekebisha? Vifaa vingine vimefungwa, na ni waliouza tu wanaoweza kuvifungua. Ukihama kaunti utapata taabu.
6. Betri zinapatikana wapi, na kwa bei gani?

Dai risiti yenye nambari ya kifaa, na nakala ya chati ya usikivu. Karatasi hizi ni zako. Zihifadhi pamoja na kitabu cha kliniki cha mtoto.

Mama asione kwamba kuuliza ni kukosa adabu. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, kifungu cha 46, inampa kila mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora wa kutosha, pamoja na habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Usiporidhika, mwambie mhudumu kwa utulivu, mwonyeshe daftari lako. Asipokusikiliza, mwone msimamizi wake, na upeleke malalamiko yako kwa maandishi yenye tarehe. Ukiweza, tafuta maoni ya mtaalamu mwingine.

Kwa msaada, uliza katika hospitali ya kaunti yako kuhusu kliniki ya masikio, au katika kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, vile vinavyojulikana kama EARC. Taasisi ya elimu maalum ya KISE, huko Kasarani, Nairobi, pia hutathmini watoto. Vilevile msajili mtoto katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na uulize kuhusu msaada wa kupata vifaa.

MASWALI AMBAYO WAZAZI HUULIZA

Mtoto wangu anatoa kifaa kila mara. Nifanye nini?

Kwanza tafuta sababu. Je, sikio lina wekundu? Kizibo kinambana? Sauti ni kali mno? Kama hakuna tatizo, anza kwa vipindi vifupi anapocheza au unapomwimbia, kisha ongeza. Lengo ni akivae wakati wote akiwa macho. Tumia uzi wenye kibanio unaoshika kifaa kwenye nguo nyuma ya shingo, kisipotee.

Nyanya yake alikuwa na kifaa. Je, mtoto anaweza kukitumia?

Hapana. Kimepangwa kwa usikivu wa nyanya na kinaweza kumuumiza mtoto. Kipeleke kwa mtaalamu, aseme kama kinaweza kupangwa upya kwa mtoto na kutengenezewa kizibo chake. Usikivalishe hivi hivi.

Kuna vifaa vya bei rahisi vinavyouzwa dukani bila kipimo. Je, vinafaa?

Hivyo ni vikuza sauti tu. Hukuza kila kitu, maneno na kelele pamoja, bila kujua mtoto anakosa nini. Si vya mtoto. Wala usipeleke kifaa chake kwa fundi wa simu.

Tukimfundisha lugha ya ishara, je, hatakataa kusema?

La. Kifaa hakirudishi usikivu wa kawaida, na kwa wengine wenye upungufu mkubwa hakitoshi. Mtoto anahitaji lugha, iwe ya kusema, ya ishara, au zote mbili. Lugha ya Ishara ya Kenya inatambuliwa katika Katiba yetu. Mpe lugha unayoweza kumpa mapema.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kizibo kilicholegea hubadilishwa, hakinyamazishwi kwa kupunguza sauti.

Kifaa hurekebishwa tena na tena kadiri mtoto anavyokua.

Fanya jaribio la sauti sita kila siku, na uandike.

Ficha betri mbali na watoto.

Uliza maswali kabla ya kulipa, na urudi kliniki bila kuona haya.

Msikilizaji, kama una kifaa kilichofungwa kabatini, kitoe leo. Usikimvalishe mtoto papo hapo, kwa sababu huenda masikio yake yamekua na usikivu wake umebadilika. Kifunge vizuri, chukua na chati yake kama unayo, na umpeleke mtoto kliniki wiki hii. Huenda kinachohitajika ni kizibo kipya na nusu saa ya kurekebishwa.

Mweleze jirani yako haya uliyoyasikia.

(Muziki wa kufunga kipindi)